Kazi za Mkemia wa Oganometali na Marejeleo Yake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa uzamivu, wajumbe wa kamati za kupandisha vyeo, na mara nyingine wakemia wenyewe waliofungua ukurasa wao wa Google Scholar usiku wa manane wakashindwa kulala. Nimeyapanga yanavyonijia. Sikuyapanga kwa uzito.

Kemia ya oganometali ni nini hasa?

Ni tawi la kemia linalochunguza kampaundi ambazo ndani yake atomu ya metali imefungamana moja kwa moja na atomu ya kaboni. Maneno "moja kwa moja" ndiyo yanayobeba maana yote. Chumvi ambayo metali yake imeshikana na oksijeni, hata kama kuna kaboni jirani, haihesabiki humu.

Historia yake ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. William Zeise wa Denmark alipata chumvi ya platini yenye ethilini katika miaka ya 1820, kabla hajapatikana mtu wa kueleza imeshikanaje. Edward Frankland alitengeneza kampaundi za zinki mwaka 1849. Victor Grignard akaja na magnesi mwaka 1900. Leo sehemu kubwa ya tawi hili ni vichocheo, yaani vitu vinavyoharakisha mmenyuko bila vyenyewe kuisha: paladi, rodi, ruteni, nikeli na wenzao, wanaotumika kuunganisha molekuli za dawa, plastiki na vifaa vya elektroniki.

Hilo la vichocheo lina athari kubwa kwenye suala letu. Kichocheo kizuri huvuka mpaka. Kikitengenezwa na mtu wa oganometali, hutumiwa na mtu wa kemia ya kikaboni, wa polima, wa dawa, na kila mmoja wao akiandika makala anaweza kumrejelea mtengenezaji. Mwenzake aliyetumia miaka mitano kueleza kwa nini kifungo fulani kati ya metali na kaboni ni kirefu kuliko kilivyotarajiwa, wasomaji wake ni wale wale wa jirani.

Kazi za mkemia zinahesabiwa vipi? Ni makala tu?

Makala ndiyo sarafu kuu, lakini si zote za aina moja. Kuna taarifa fupi za matokeo ya haraka, makala kamili zenye majaribio yote, na makala za mapitio ambazo hazileti jaribio jipya bali hukusanya na kupima kazi za wengine. Ukihesabu zote sawa umeshapotea.

Kuna pia hataza, yaani haki za kisheria za uvumbuzi. Karl Ziegler aligundua vichocheo vyake vya kutengeneza polietilini mwaka 1953 akiwa Mülheim, Ujerumani, na hataza zake zilikuwa na uzito usiopungua ule wa makala. Mkemia wa kiwandani anaweza kuwa na orodha fupi sana ya makala huku kazi yake ikizalisha tani kwa tani za bidhaa.

Halafu kuna miundo ya fuwele. Mtu wa oganometali akipata kampaundi mpya, hujaribu kukuza fuwele yake, kuipiga eksirei, na kuona kila atomu imekaa wapi. Matokeo huwekwa kwenye Cambridge Structural Database, hazina iliyoanzishwa mwaka 1965 na iliyovuka miundo milioni moja mwaka 2019. Muundo unaweza kuwekwa humo hata bila makala. Fuwele nyingi nzuri zimelala humo bila mtu kumsifu aliyezikuza.

Kurejelewa kunamaanisha nini?

Kunamaanisha kwamba mtu mwingine, alipoandika makala yake, aliitaja makala yako kwenye orodha ya marejeleo. Basi. Hakusema kama ameisoma yote, ameikubali, ameitumia maabara, au ameiokota kwenye orodha ya mtu mwingine.

Ndiyo maana swali langu la kwanza ninapoonyeshwa makala iliyorejelewa mara 400 ni hili: waliorejelea walifanya nayo nini? Fungua kumi kati ya hizo. Kama makala yako imetajwa kwenye utangulizi tu, katika ule mkururo wa namba 3 hadi 17 unaofuata sentensi "vichocheo vya paladi vina umuhimu mkubwa", hiyo ni heshima ya njiani. Kama imetajwa kwenye sehemu ya majaribio kwa sababu mtu ametengeneza ligandi yako (molekuli inayoishika metali) akaitumia, hiyo ni heshima ya nyumbani. Rejeleo moja la aina ya pili nalithamini kuliko ishirini za aina ya kwanza.

Faharasa ya h ni nini na inahesabiwaje?

Ilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa University of California, San Diego. Mtu ana h ya kiwango fulani ikiwa ana makala zenye idadi hiyo, na kila moja imerejelewa angalau mara hizo.

Chukua mkemia mwenye makala nane zilizorejelewa mara 120, 45, 30, 12, 9, 7, 6 na 2. Zipange kuanzia kubwa kama nilivyofanya, kisha shuka ukihesabu. Ya sita imerejelewa mara 7, inatosha. Ya saba imerejelewa mara 6, haifiki 7. Basi h yake ni 6.

Sasa tazama kilichofichika. Jumla ya marejeleo yake ni 231, na makala moja tu imebeba zaidi ya nusu. Wastani ni karibu 29 kwa kila makala, ingawa makala tano kati ya nane hazijaufikia wastani huo. Ile ya kwanza ikipanda ghafla kutoka 120 hadi 12,000 kwa sababu imebadilisha namna watu wanavyotengeneza dawa, h yake itabaki 6 vile vile. Kipimo hiki hakioni mlima. Kinaona upana wa tambarare. Pia hakishuki hata mtu akistaafu, jambo linalowafurahisha wazee na kuwaonea vijana.

Kwa nini Google Scholar inanipa namba kubwa kuliko Scopus na Web of Science?

Kwa sababu inavua kwa wavu mpana zaidi. Google Scholar hukusanya tasnifu, rasimu, ripoti na chochote kinachofanana na maandishi ya kitaaluma mtandaoni. Scopus na Web of Science huchagua majarida ya kuingiza. Hakuna iliyo ya uongo. Zinajibu maswali tofauti. La muhimu ni kutaja umetumia ipi na lini, na usichanganye. Nimewahi kuona jedwali moja lililolinganisha watu watatu kwa hifadhidata tatu tofauti, na kamati ikalijadili kwa saa nzima kabla mtu hajaligundua hilo.

Wakemia wana tatizo lao la ziada. Jarida la Angewandte Chemie lina toleo la Kijerumani na, tangu mwaka 1962, toleo la kimataifa la Kiingereza. Makala ile ile hupata namba za juzuu na kurasa mbili tofauti: ya mwaka 2003, kwa mfano, iko juzuu ya 115 kwa Kijerumani na ya 42 kwa Kiingereza. Waandishi makini hutaja zote mbili kwa pamoja. Hifadhidata isipozitambua kuwa mapacha, marejeleo hugawanyika, au makala moja huonekana kama mbili. Ukikuta mkemia ana makala mbili zenye kichwa kile kile, mwaka ule ule na waandishi wale wale, usimshuku kwanza. Angalia kama si mapacha wa Angewandte.

Kuna na shimo jingine ambalo watu wa nje hawalijui. Maelezo ya namna ya kutengeneza kila kampaundi siku hizi hayamo kwenye makala yenyewe bali kwenye faili la nyongeza. Humo ndimo mtu anapoandika "ligandi hii ilitengenezwa kwa njia iliyoelezwa na fulani". Marejeleo ya faili hilo kwa kawaida hayahesabiwi na hifadhidata. Kwa maneno mengine, heshima ya nyumbani niliyoitaja hapo juu, ile yenye thamani zaidi, ndiyo inayopotea kwa urahisi zaidi.

Ni makala za aina gani zinazorejelewa zaidi?

Zana na mapitio.

Mfano wa zana ninaoupenda ni wa George Sheldrick, aliyeandika programu za SHELX za kutatua miundo ya fuwele. Mwaka 2008 alichapisha makala fupi ya historia ya programu hizo katika Acta Crystallographica Section A, na akaomba watumiaji waitaje. Wakaitaja kweli. Kipimo cha athari cha jarida hilo, yaani wastani wa marejeleo kwa kila makala yake ya karibuni, kiliruka kutoka takriban 2 hadi karibu 50 kwa mwaka 2009, kwa sababu ya makala moja. Karibu kila mtu wa oganometali wa miaka ile aliyetatua muundo alikuwa na rejeleo hilo kwenye orodha yake.

Kwa mapitio, tazama Norio Miyaura na Akira Suzuki. Walianza kuchapisha mmenyuko wao wa kuunganisha kaboni na kaboni kwa paladi na boroni mwaka 1979. Lakini andiko lao linalotajwa mno ni la mapitio, lililotoka katika Chemical Reviews mwaka 1995, ambalo limerejelewa maelfu kwa maelfu ya mara. Msomaji mvivu hutaja mapitio na kuacha ugunduzi. Sisemi ni dhambi, mimi pia nimefanya.

Kwa hiyo ukiona orodha ya mkemia ina mapitio matano kileleni, yaweke pembeni uhesabu upya. Picha inayobaki ndiyo ya maabara yake.

Makala isiyorejelewa sana haina thamani?

Hapana, na historia ya tawi hili imejaa ushahidi.

Yves Chauvin wa Institut Français du Pétrole, pamoja na Jean-Louis Hérisson, walieleza mwaka 1971 namna metathesisi ya olefini (molekuli zenye kifungo maradufu kati ya kaboni na kaboni) inavyofanyika: metali na kaboni zilizoshikana kwa kifungo maradufu hubadilishana wenzi na olefini, kama wachezaji wanaopokezana mikono. Walichapisha katika Die Makromolekulare Chemie, jarida la polima. Nadharia yao haikukubaliwa na wote papo hapo. Richard Schrock na Robert Grubbs ndio waliotengeneza vichocheo vilivyoifanya njia hiyo itumike kila mahali, na mwaka 2005 watatu hao wakapewa Nobel ya Kemia. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Hiki kilikaa sokoni miaka 34. Kamati iliyopima mwaka 1974 ingeona nini?

Upande wa pili kuna kazi zilizofaulu mno hadi zikaacha kutajwa. Nani anayemrejelea Grignard wa 1900? Mwanafunzi anaandika "kitendanishi cha Grignard" na kuendelea na shughuli zake. Mwanasosholojia Robert Merton alilieleza jambo hili: wazo likishaingia kwenye lugha ya kila siku ya fani, chanzo chake hufutika. Vivyo hivyo mtu hununua kichocheo cha Grubbs cha kizazi cha pili kwenye chupa, akaandika jina la muuzaji, na makala ya 1999 iliyokileta isitajwe kabisa. Kwa mkemia, jina lako kuwa nomino ya kawaida ni cheo kikubwa, ila hakionekani kwenye h.

Je, makala yenye kosa inaweza kurejelewa sana?

Inaweza, na pengine kwa haki. Mwaka 1951 Thomas Kealy na Peter Pauson walitangaza katika Nature kampaundi mpya ya rangi ya chungwa yenye chuma na pete mbili za kaboni tano tano. Walikuwa wakitafuta kitu kingine kabisa. Muundo waliopendekeza, wenye chuma kilichoshikwa na kaboni moja ya kila pete, haukuwa sahihi. Mwaka uliofuata Geoffrey Wilkinson na Robert Woodward kwa upande mmoja, na Ernst Otto Fischer kwa upande mwingine, walionyesha kwamba chuma kimekaa katikati ya pete mbili kama kilichobanwa na vipande viwili vya mkate, kikishika kaboni zote kumi. Hiyo ndiyo feroseni, na kemia ya oganometali ya kisasa ilianzia hapo. Fischer na Wilkinson walipata Nobel mwaka 1973.

Makala ya Kealy na Pauson bado inatajwa. Kosa la muundo halikuondoa ukweli kwamba waliishika kampaundi mkononi na kuitangaza. Namba haitakuambia hayo. Itakuambia tu kwamba imetajwa.

Kipimo cha athari cha jarida kinasema nini kuhusu mkemia?

Kidogo sana. Kinagawa marejeleo ya mwaka mmoja kwa makala za jarida za miaka miwili iliyotangulia, na mfano wa Sheldrick umeshaonyesha makala moja inavyoweza kukipindua. Tamko la San Francisco, maarufu kama DORA, lililotolewa mwaka 2013, linataka kisitumike kupima ubora wa makala moja moja wala wa mtafiti.

Nina neno la ziada kwa tawi hili. Majarida yake mahususi, Organometallics lililoanza mwaka 1982 na Journal of Organometallic Chemistry la mwaka 1963, yana namba za wastani ukiyalinganisha na majarida ya jumla. Lakini ukitaka majaribio kamili, yenye mavuno (kiasi cha kampaundi kilichopatikana), spektra (michoro ya vipimo vya kuitambua) na maelezo ya kilichoshindikana, mara nyingi utayapata humo kuliko kwenye taarifa fupi yenye picha za kuvutia.

Jina likiwa la mwisho kwenye orodha, mtu huyo alifanya kidogo?

Kinyume chake, kwa kawaida. Katika kemia mkuu wa maabara hukaa mwisho na jina lake huwekewa nyota, ishara kwamba ndiye wa kuandikiwa. Wa kwanza mara nyingi ni mwanafunzi au mtafiti aliyefanya sehemu kubwa ya majaribio. Desturi hii si sheria, na ushirikiano wa maabara tatu unaweza kuwa na nyota tatu.

Mwandishi wa peke yake amekuwa adimu. Richard Heck alichapisha mwaka 1968 mfululizo wa makala saba katika Journal of the American Chemical Society akiwa peke yake. Leo ungedhani ni kosa la uchapaji.

Namlinganishaje mkemia wa oganometali na mwanabiolojia wa molekuli?

Usiwalinganishe kwa namba ghafi. Fani yenye watu wengi wanaochapisha haraka na kuandika orodha ndefu za marejeleo itakuwa na namba kubwa hata kama kila mtu ndani yake ni wa kawaida. Ikibidi, tumia kipimo kilichosawazishwa kwa fani, mwaka na aina ya andiko. Scopus inacho kimoja ambacho 1.00 ndiyo wastani wa dunia. Hata hicho kina hila: mkemia akichapisha kichocheo chake kwenye jarida la polima, atapimwa na watu wa polima.

Kujirejelea ni udanganyifu?

Si lazima. Mtu aliyetengeneza familia moja ya ligandi kwa miaka kumi atajitaja, maana kampaundi ya saba inatokana na ya sita. Ninachotazama ni kama kuna wengine nje ya maabara yake walioichukua kazi hiyo. Ukiondoa marejeleo yake mwenyewe na ya wanafunzi wake wa zamani na namba ikaporomoka, uliza.

Je, marejeleo mengi hutabiri Nobel?

Yanasaidia kukisia ugunduzi, hayasaidii kukisia watu. Tsutomu Mizoroki alichapisha mmenyuko wa paladi mwaka 1971, Heck akauchapisha kwa kujitegemea mwaka 1972, na vitabu vingi huuita mmenyuko wa Mizoroki na Heck. Nobel ilipokuja mwaka 2010 walipewa Heck, Ei-ichi Negishi na Suzuki. Mizoroki alikuwa amefariki mwaka 1980. Chanda chema huvikwa pete, lakini tuzo hiyo haitolewi kwa marehemu.

Nina jina linalofanana na la watafiti wengine. Nifanye nini?

Jisajili ORCID. Ni bure, ilianza mwaka 2012, na hukupa namba ya tarakimu 16 inayobaki nawe ukibadilisha jina, ajira au nchi. Iweke kwenye kila andiko. Kisha ingia Scopus ukague kama hujagawanywa kuwa watu wawili, au hujaunganishwa na mtu wa fani nyingine. Namfahamu mkemia mmoja aliyekuwa na makala tatu nzuri sana za magonjwa ya mifugo.

Nachagua msimamizi wa uzamivu. Niangalie namba zipi?

Angalia miaka mitano ya mwisho, si jumla ya maisha. Tafuta ni wanafunzi wangapi wake wana makala wakiwa waandishi wa kwanza, na ilichukua muda gani toka waanze. Soma faili la nyongeza la makala moja: kama mavuno yameandikwa kwa uangalifu, spektra ni safi, na kampaundi zisizostahimili hewa zimeelezwa hivyo bila kuficha, umepata maabara inayofundisha. Halafu muulize mwanafunzi wake wa zamani kama maelekezo hayo, akiyafuata mtu mwingine, hutoa kampaundi ile ile.